Nafasi ya Kukua

Plaiwudi ikikatwa hunukia utamu kidogo, kama uji ulioanza kuchacha. Ninatengeneza kitanda ndani ya trela ndogo ya kuvutwa na gari, ya kwenda kulala porini, yenye jikoni nyuma. Harufu hiyo inanirudisha kwenye mkokoteni wa punda ambao mama aliutengenezea kitanda hivyo hivyo, tulipokuwa tukishuka Mbeere kufukuza ndege shambani kwetu mtama ukikaribia kukomaa.

Alinilaza juu ya mbao, akachora alama ya mkaa ubaoni, pale visigino vyangu vilipofika, halafu akaisogeza mbele shubiri moja.

“Hiyo nafasi ni ya nani?” nikauliza.

“Ni ya kukua,” akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia akininunulia sweta ya shule iliyonizidi.

Tulilala chini ya turubai, majani ya mtama yakisuguana nje, vidole vyangu vya miguu vikitafuta ubao wa mwisho wa kitanda bila kuufikia. Asubuhi alinipa chai nikiwa bado ndani ya blanketi.

Sasa binti yangu amejilaza juu ya plaiwudi, na penseli iko mkononi mwangu.

“Baba, alama yako imepita miguu yangu.”

“Najua,” namwambia. “Shuka nikate.”