Kamba ya Mlango wa Pikapu

Kwa miaka mitatu nilishikilia mlango wa pikapu yetu kwa kamba ya katani, na mume wangu akanishikilia mimi. Ulikuwa umefunguka siku moja kwenye kona, tukishuka kutoka Manyatta kwenda Embu mjini, nikabaki nusu ndani nusu nje, kiatu kimoja kikaenda na mtaro. Tangu siku hiyo, kila tulipokaribia kona aliachia gia, akakunja sweta yangu ngumini, akageuza usukani kwa mkono mmoja. Kona ikiisha, mkono ulirudi kwenye gia kana kwamba haukuwa wake.

Mlango wenyewe alikuwa ameubadilishia bawaba mara mbili. "Hii mlango iko na shida ya bawaba tu, Mwalimu," aliniambia. Aliniita Mwalimu kila aliponiona nataka kumsahihisha. Na kweli nilitaka, maana kati ya kebini na bodi ya nyuma ya kubebea mizigo kulikuwa na mwanya ambao mwanzo haukupitisha kidole, na sasa kiganja changu kiliingia chote. Bawaba haifanyi hivyo; gari lenyewe lilikuwa likikatika katikati. Mume wangu si mjinga, alikuwa akiogopa. Pikapu hiyo aliinunua wakati kahawa ilikuwa kahawa, watoto wetu wote waliletwa nyumbani kutoka hospitalini ndani yake, na alijua fundi yeyote angeweza kumwambia imekufa. Basi hakwenda kwa fundi.

Siku moja nilikataa kupanda. Tulikuwa Gachoka kwa dada yangu, tumekwenda kuchukua gunia la ndengu, choroko zake za shambani. Nilikaa juu ya gunia nikasema siingii garini mpaka mume wangu aape kulipeleka kwa fundi. Dada yangu akaleta chai, nikainywa hapo hapo juu ya gunia. Mume wangu alipoona namwomba dada blanketi la kulalia, akaapa.

Fundi alikuwa mzee mmoja Mwislamu pale Embu mjini, mchomeleaji ambaye nilikuwa nimewafundisha wajukuu wake. Aliingia chini ya gari, akagonga chasisi, ule uti wa mgongo wa gari, kwa nyundo, akaichokoa kwa bisibisi. Bisibisi ikazama hadi mpini. Vikaanguka vipande vya kutu, kisha udongo mwekundu wa kwetu uliogeuka mweusi kwa oili, na ndani ya udongo huo ndengu za dada yangu, zimechipua.

"Nani alipaka oili chafu juu ya matope?" akauliza kutoka huko chini. "Maji imefungiwa ndani. Hiyo ndiyo imekula hii chuma."

Mume wangu akatazama barabara. Kila mwaka, mvua ikiisha, alilala chini ya pikapu yake na brashi na kopo la oili iliyokwisha kutumika, akaipaka kote, akaiita dawa. Majirani walimwiga.

"Ni mimi, Mzee," nikasema, mimi niliyewaadhibu watoto wa watu miaka thelathini kwa ajili ya uongo. "Nilidhani nasaidia."

Fundi akatoa kichwa, akavitazama viatu vyangu vya kanisani, akarudi chini. "Pole, Mwalimu. Sasa nitakata. Nikipata chuma nzima kabla ya kufika kwa kebini, nitachomelea. Nikikosa, muwauzie watu wa vyuma chakavu."

Bodi ikashushwa, gari likawekwa juu ya magogo. Fundi alikata kipande cha kwanza, akagonga pale alipofikia. Pakaitika kama debe lililojaa unga. Akakata cha pili, vilevile. Mume wangu akavua kofia. Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Kipande cha tatu kilipotoka, chuma kilichobaki kikalia ngiiing alipokigonga, na fundi akakigonga tena kwa raha zake. Mume wangu akazunguka nyuma ya karakana, akakaa huko kitambo. Aliporudi alisema moshi wa kuchomelea umemwingia machoni. Hakuna aliyekuwa ameanza kuchomelea.

Ili kuhakikisha chasisi haijapinda, fundi aliifungua kamba yangu mlangoni, akapimia kutoka pembe hadi pembe. Mimi nilishika ncha moja, mume wangu nyingine. Kisha matope yakasuguliwa yote, chuma kipya kikachomelewa, kikapakwa rangi ya kuzuia kutu. Kamba iliungua kwa cheche, haikurudi mlangoni.

Siku ya nne tuliondoka mchana kurudi Manyatta. Mlango niliufunga kwa kidole kimoja. Kona ya kwanza, mkono wake ulibaki kwenye gia. Kona ya pili pia. Alikuwa akipiga mluzi. Nami nimekaa, mikono mapajani, sina kamba, sina wa kunishika, na moyo wangu unaulilia mlango mbovu. Nilikuwa nimelipigania jambo hili miezi mingi bila kujua ninachokwenda kupoteza. Nampenda mtu huyu, na kwa umri wetu niliona haya kumwomba anishike bure.

Tulipokaribia kona iliyokula kiatu changu akauliza, "Mlango imeshika?"

Ulikuwa umeshika kabisa.

"Sijui," nikasema. "Naona kama inacheza."

Akaachia gia, akakunja sweta yangu ngumini. Kona ikaisha. Mlima ukaanza, gari likawa linalalamika kwa gia isiyofaa, na mkono wake ulikuwa bado hapo.