Kopo Nililobeba

Asubuhi ile mama mkwe wangu alinigombeza kwa sababu ya karanga. Nilikuwa nimezitwanga laini mno. "Wee Mnyiramba, hizi ni biskuti, si uji!" Nikacheka, maana ndivyo alivyonipenda. Tuliishi mji mdogo upande wa Kongo, kwao mume wangu Deo, dereva wa lori niliyekutana naye hapa hapa Shelui, kwetu Tanzania. Yeye alikuwa safarini Tanzania. Nyumbani tulibaki watatu: mama, mimi na Neema wangu wa mwaka mmoja.

Biskuti za Krismasi za ukoo wao ni unga wa ngano, karanga, sukari na maganda ya ndimu. Huokwa kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Zikipoa hutiwa ndani ya kopo la bati la bluu, na halifunguliwi mpaka sikukuu. Kando yake kabatini lilikaa kopo jingine la bluu, pacha wake. Humo mama aliweka dawa zake za pumu.

Mchana tulisikia risasi ng'ambo ya mto. Hatukuinuka. Tulishazizoea, Mungu atusamehe.

Kisha jirani akapita mbio, bila viatu.

"Wameingia! Tokeni!"

Nikamfunga Neema mgongoni. Mama akapiga kelele kutoka mlangoni, "Kopo! Chukua kopo!"

Nikachukua. Siku ile kwangu kopo lilikuwa moja tu, lile nililolijaza asubuhi.

Tulitembea mpaka alasiri, watu na mbuzi na magodoro, na vumbi jamani, vumbi la kutafuna. Kifua cha mama kikaanza kulia kama filimbi. Akakaa kando ya njia, akaninyooshea mkono. Nikafungua.

Harufu ya ndimu.

Nilitaka kurudi. Mama akanishika gauni. "Mtoto," alisema tu. Nyuma yetu bunduki zilikuwa bado zinalia.

Nikauliza kila aliyepita kama ana dawa ya pumu. Walisema pole, wakapita. Sikuwalaumu, hata leo siwalaumu. Mama alimega biskuti moja, akampa Neema.

"Usimwambie Deo," akaniambia. Ilimchukua muda kuyamaliza maneno hayo mawili.

Alikata roho kabla ya jua kuzama. Wanaume wawili nisiowajua walichimba kaburi kwa jembe la mtu. Nisingeweza kuwaonyesha wanangu mahali penyewe.

Deo alitukuta mpakani baada ya wiki mbili. Alipoliona kopo alilikumbatia, akalia. "Yaani hata vitani hukusahau biskuti za mama yangu."

Miaka imepita mingi. Tunakaa Shelui, malori yanapumzika mbele ya duka letu, na kila Desemba naoka. Sukari naiacha, naweka asali ya Rungwa. Na kila Krismasi Deo huwasimulia wageni jinsi mkewe alivyokimbia vita na kopo ili mama yake asiikose sikukuu. Wageni hunipigia makofi. Nimechoka. Kuoka hakunichoshi, kunanichosha kusifiwa. Hujiambia natunza siri ya marehemu. Uongo huo. Naogopa, basi.

Krismasi iliyopita Neema alikuwa nyumbani. Sasa ni muuguzi.

"Baba, hivi bibi alifariki kwa nini?"

"Pumu, mwanangu. Vumbi la njiani."

"Na dawa zake?"

"Ziliachwa. Nani angekumbuka dawa siku kama ile?" Deo akacheka kidogo, cheko la mtu mzima mwenye majonzi ya zamani. "Lakini mama yako alikumbuka biskuti."

Neema alinitazama mimi, kama anavyowatazama wagonjwa wanaoficha dalili.

Deo akanisogezea sahani. "Kula, Mama Neema. Unaoka kila mwaka na huonji hata moja."

Nikachukua moja, nikala.