Mwalimu wa Vishada Alipoipa Bahari Kisogo

Mwalimu wa vishada, anayefundisha watu kuteleza baharini juu ya ubao wakivutwa na kishada, ana sauti ya kuamsha mtaa mzima. Kishada cha mwanafunzi kikianguka majini, yeye husimama ufukweni, mikono kiunoni, akifoka: "Usivute fimbo ya kamba kifuani! Kamba moja tu, polepole! Kiache kitambae pembeni, kikishika upepo kitakuinua chenyewe!" Viganja vyake vina makovu ya kamba, na hachoki kuvifuta kwenye kaptula hata vikiwa vikavu. Muuguzi, mwanafunzi wake mpya, alidhani ameshamzoea. Siku moja akapigwa na butwaa. Kishada cha binti wa mwalimu kilianguka mbali kabisa, wimbi likakifunika, binti akabaki kichwa tu juu ya maji. Mwalimu akageuka, akaketi mchangani, akaipa bahari kisogo.

"Mwalimu, mwanao huyo!" muuguzi alipiga yowe. "Humwoni?"

"Nikimwona nitamwita, dada. Mimi nikimwita, huwa anaivuta fimbo, na kishada hakiinuki."

"Na akizama?"

Mwalimu akazidi kuikazia macho minazi ya nchi kavu. Uchungu wa mwana gani huu? Kisha muuguzi akauona mkono wake wa kulia: ulikuwa ukivuta kamba isiyokuwepo, moja tu, taratibu. Nyuma yao kitambaa cha kishada kikapiga kama shuka linalokung'utwa.

"Kimeinuka?"

"Kimeinuka, mwalimu. Amesimama kwenye ubao. Anakuja."

Mwalimu akageuka, akajaza kifua pumzi, akafungua kinywa amfokee binti yake kama anavyowafokea wote. Sauti haikutoka.