Nyumba ya Nyar Malaba

Otiende wa Mundika alikuwa mtu wa unga. Posho mili yake ya dizeli, mashine ya kusagia mahindi, ilikuwa kando ya barabara ya kuingia Busia, na popote alipokwenda alijulikana alikotoka, maana kofia, nyusi na hata kope zake zilikuwa nyeupe. Hakuwa mlevi wala mgomvi. Kanisani alikaa benchi la pili. Ukitaka kumtafutia kosa utampata na moja tu: alipenda kusifiwa na wateja kuliko alivyopenda kula. Na wateja hawakupata kumsifu kama walivyomsifu mwaka ule alipojiwa na nyoka.

Alikuwa chatu, bado mchanga, urefu wake kama mtu mzima aliyelala. Mto Sio ulipofurika alipanda mashambani, akaingia kwenye mili, akajikunja kando ya injini ambako chuma kilikuwa bado na joto. Mtu mwingine angetafuta panga. Lakini Otiende alizaliwa Osieko, ufuoni mwa ziwa, na huko kwao chatu akiingia bomani hafukuzwi. Ni mgeni. Huwekewa chakula, na mvua ikinyesha baadaye, yeye ndiye anayeshukuriwa. Otiende akamwekea yai, chatu akaligeuzia kichwa. Akamwekea kuku, chatu akammeza. Jioni mvua ikanyesha. Kusema kweli ilikuwa ikinyesha wiki nzima, na ndiyo iliyoleta mafuriko yaliyomleta nyoka, lakini hilo halikumzuia mtu yeyote kushukuru.

Wakampa jina, kama mwanamke aliyeolewa kutoka mbali anavyoitwa kwa kwao: Nyar Sio, yaani binti wa Sio.

Hapo ndipo Zilpa alipokunja uso. Zilpa ndiye mke wa Otiende, Mmarachi wa Butula, na tangu aolewe ukoo wa mumewe ulimwita Nyar Butula.

"Mimi Nyar Butula, nyoka Nyar Sio," alisema. "Baba Roselyn, mbona tunaitwa kama wake wenza?"

"Ni heshima tu, Mama Roselyn."

"Heshima ya nani? Yangu ama yake?"

Hata hivyo Zilpa hakuwa na ugomvi na nyoka. Ugomvi wake ulikuwa na paa. Nyumba yao ilikuwa ya nyasi, ileile iliyosimamishwa mwaka wa harusi, na ilivuja juu ya kitanda hasa, kana kwamba maji yalitumwa. Otiende alimwahidi mkewe mabati wakati binti yao Roselyn alipokuwa bado mgongoni. Sasa Roselyn alikuwa sekondari ya bweni. Kila mavuno mabati yalikaribia, na kila mavuno mashine ilidai mkanda mpya au bomba jipya, na katika nchi yetu huru mashine ikilia mwanaume husikia haraka kuliko akilia mke. Zilpa akajifunza kulala na sufuria mbili kitandani, moja miguuni na moja begani, bila kuzimwaga.

Mwaka ule alichoka. Hakupiga kelele. Alifunga nguo zake kwa kanga, akaziweka karibu na mlango, akasema, "Mvua kubwa ikinikuta tena chini ya nyasi hizi, naenda kwa mama. Butula kuna mabati."

Otiende alimjua mkewe. Zilpa hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Kwa hofu akaenda Busia akanunua mabati kweli, mapya, yanayong'aa mpaka kuku waliyaogopa, akayaegemeza ukutani mwa mili yamngoje fundi. Zilpa hakufungua furushi lake, lakini alilisogeza kidogo kutoka mlangoni.

Mambo yangeishia hapo kwa heri, kama si panya.

Sifa zote za Nyar Sio zilitokana na panya. Chini ya mili palikuwa na ghala ambamo akina mama wa Mundika waliweka mahindi yao, na watu waliambizana kwamba ghala la Otiende linalindwa na chatu. Ila Otiende alikuwa mgeni katika ufugaji huu. Hakujua kwamba chatu akishakula hana haraka na dunia. Nyar Sio alimeza kuku siku moja, akalala mwezi mzima, utafikiri ameajiriwa na serikali. Mara ya kwanza Otiende alidhani ni mgonjwa, akamnyanyua kumpapasa tumbo, na Nyar Sio akamtapikia kuku mzima juu ya viatu vya kanisani. Panya nao walitazama mambo, wakaelewa. Wakaanza kupita juu ya mgongo wake wakienda kula mahindi.

"Otiende," mama mmoja aliuliza mbele ya foleni yote, "huyu nyoka wako anakula panya ama anawachunga?"

Foleni ikacheka mpaka debe likamwagika. Otiende akazima injini kabla ya wakati.

Usiku alipiga hesabu. Nyoka mmoja akilala, mwingine afanye kazi. Washike zamu, kama walinzi wa mpakani. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Kasoro yake ni kwamba nyoka hawakushauriwa.

Asubuhi akapanda baiskeli ya Wabwire, kijana wa boda boda aliyekuwa na miguu kama ya farasi, na gunia la unga likiwa mapajani, wakaenda Malaba kwa Ojakol.

Ojakol alikuwa Mteso mrefu, mchache wa maneno. Zamani alikuwa akimkamatia nyoka Mzungu mmoja aliyewasafirisha Ulaya. Mzungu akaondoka, Ojakol akabaki na nyoka waliosalia, ndani ya mapipa ya mafuta nyuma ya nyumba.

"Unataka wa nini, boss?"

"Wa panya."

"Chukua paka."

"Paka haleti mvua."

"Hapa Malaba mvua inaletwa na mawingu," Ojakol alisema, akaenda kufunua mapipa.

Wa kwanza aliruka akagonga kifuniko, na Otiende akajikuta nyuma ya Wabwire. Wa pili alikuwa mnene, macho yamefunikwa na utando wa buluu. "Huyo anataka kuvua ngozi," Ojakol alisema. "Sasa hivi hata mama yake hamjui. Mwache." Wa tatu alikuwa jike jembamba, mwenye mabaka ya kahawia yaliyokolea. Alitoa ulimi, akaonja hewa upande wa Otiende, pengine kwa sababu ya unga, akatulia.

"Huyu tabia yake ikoje?"

"Tabia ya nyoka."

"Na kwao ni wapi? Watu wake wakoje?"

"Boss," Ojakol alisema, "unachukua nyoka ama unaoa?"

Wabwire alicheka akainama juu ya baiskeli. Ojakol hakucheka. Alimfungua chatu mdomo kwa kijiti kuonyesha kwamba hauna povu, akamwambia Otiende ategee sikio pumzi zake, kama hazikoromi. Kisha akatupa panya ndani ya pipa. Panya hakupata nafasi ya kugeuka.

"Anakula, unaona. Mchukue leo lakini usimshikeshike, atatapika."

"Hilo nalijua," Otiende alisema, akitazama viatu vyake.

"Na usimweke nyumba moja na yule wako. Watakamata panya mmoja, huyu kichwani, yule mkiani. Watakutana katikati, halafu mmoja ataendelea. Kila mmoja nyumba yake. Joto, maji ya kunywa, mahali pa kujificha. Na paa lisivuje. Chatu akilowa na baridi anashikwa na kifua, anakufa."

"Hata kwetu ni hivyo," Otiende alisema kwa furaha. "Kila mke na nyumba yake."

"Mimi nimesema nyoka."

"Ndiyo, ndiyo."

Unga ukabaki kwa Ojakol kama malipo, chatu akaingia kwenye kapu la samaki lililofungwa kwa kamba. Huo ulikuwa mwaka wa kahawa ya magendo iliyovushwa kutoka Uganda, na baiskeli yenye mzigo haikuweza kutoka Malaba bila kusimamishwa. Kabla ya kufika mbali wakakutana na kizuizi. Askari alibonyeza kapu kwa rungu.

"Kahawa."

"Si kahawa, afande. Ni mgeni."

"Mgeni ndani ya kapu? Fungua!"

Otiende akafungua. Askari akainama, akanyooka polepole sana, akarekebisha kofia.

"Pita, mzee," alisema kwa sauti nyembamba. "Pita na kahawa yako."

Basi Nyar Malaba akafika Mundika, na Otiende akaanza kutafuta kiwanja. Bahati mbaya, siku hiyohiyo Ochuodho, baba yake mdogo, alikuwa amekuja kutoka Osieko kuwaletea samaki. Alimkuta Otiende akichimba shimo la nguzo upande wa kushoto wa nyumba.

"Unajenga nini hapo?"

"Nyumba ya nyoka, baba mdogo. Wa pili."

"Wa pili, na unamweka kushoto? Unataka laana? Nyumba ya pili inakaa kulia kwa nyumba kubwa."

"Lakini huyu si mke, ni nyoka."

"Ana jina?"

"Nyar Malaba."

"Basi," Ochuodho alisema, akavua koti.

Wakafukia shimo, wakachimba kulia. Kwa siku kadhaa wakajenga kwa bidii ambayo Mundika haijaona tena: ukuta wa udongo uliopigwa mara mbili, dirisha la waya wa kuku, mlango wenye komeo, beseni la maji sakafuni. Nyumba yenyewe walidhamiria iwe kama kibanda tu, lakini Ochuodho alishikilia kwamba bibi wa mbali asijengewe kibanda, watu watasema. Ikawa chumba cha kusimama mtu. Na ilipofika zamu ya paa, Otiende alikumbuka maneno ya Ojakol: lisivuje. Akatazama huku na huku. Mabati yalikuwa yanang'aa ukutani mwa mili.

"Nitanunua mengine," alimwambia Ochuodho, ambaye hakuwa ameuliza.

Zilpa, aliyeona kuta zikipanda akadhani ni ghala, alirudi kutoka soko la Butula mchana wa siku ya paa, kikapu kichwani. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Uganda, meusi kama masizi ya sufuria. Alisimama penye uwanja. Akatazama bati la kwanza mpaka la mwisho. Akatua kikapu.

"Hiyo ya nani?"

Otiende alikohoa. "Ya yule wa Malaba. Kwa muda, Mama Roselyn. Anaweza kushikwa na kifua."

Zilpa alikwenda ndani, akatoka na furushi lake la nguo likiwa kwenye kanga. Barabara ya Butula ilikuwa hatua chache tu. Lakini Zilpa alimgeukia Ochuodho, akapiga goti kidogo kwa adabu.

"Baba mdogo, nisaidie mimi mtoto wa watu. Huko kwenu Osieko, mume akijenga, ni nani hujengewa kwanza?"

"Mkubwa," Ochuodho alisema upesi. "Hilo halina mjadala."

"Na mdogo akijengewa nyumba nzuri kuliko ya mkubwa?"

"Ni makosa. Ni makosa mabaya. Boma linaweza ku..." Ochuodho akatazama mabati. Akamtazama Otiende kama mtu anayetaka kusema hakuwepo.

"Na mimi nikihesabu," Zilpa aliendelea kwa upole uleule, "mimi ni wa kwanza. Nyar Sio wa pili. Huyu wa Malaba ni wa tatu. Wa tatu mnamweka wapi?"

"Kushoto," Ochuodho alisema kwa unyonge.

"Hii iko kulia."

"Iko kulia."

"Basi hii si yake hata kwa sheria yenu."

Wanaume wawili walisimama na nyundo mkononi. Ukoo wake mwenyewe ulikuwa umemfungia mlango kwa komeo lake mwenyewe. Zilpa akapita katikati yao na furushi. Akarudi akachukua godoro. Akarudi akachukua kitanda, na alipoona hawasogei akamwambia mumewe, "Shika huko miguuni," na Otiende akashika. Sufuria mbili za kitandani aliziacha palepale.

Tone la kwanza lilianguka kabla hawajamaliza kuingiza meza. Kapu la samaki, ambamo Nyar Malaba alikuwa akingoja nyumba yake, lilikuwa bado uwanjani, linatikisika.

"Atalowa!" Otiende alipiga kelele. "Mama Roselyn, atakufa!"

"Nyumba iko," Zilpa alisema mlangoni, akionyesha ile ya nyasi. "Nimekaa humo tangu nije, na mimi sijafa."

Otiende akakimbia na kapu, akalifungua ndani ya nyumba kubwa iliyokuwa tupu. Nyar Malaba alitoka taratibu, akaonja hewa. Juu, ndani ya nyasi, panya wa miaka yote walikuwa wakitembea. Hakuuliza joto wala beseni. Alipanda nguzo ya katikati, akaingia chini ya paa palipokuwa pakavu, na muda si mrefu kukasikika mkwaruzo mfupi, kisha kimya. Hakuna nyoka wa Mundika aliyepata nyumba iliyomfaa kuliko ile.

Ochuodho alikwenda kulala kwenye mili kando ya Nyar Sio, akisema injini ina joto. Mvua ikashuka yote. Otiende akajifunika gunia kichwani, akavuka uwanja mbio, akabisha kwenye mlango wenye komeo. Ndani mabati yalivuma kama ngoma za Krismasi, na taa ilikuwa imewaka.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama Roselyn. Fungua, nalowa."

"Baba Roselyn," Zilpa alisema, na sauti yake ilikuwa kavu na yenye joto, "mwanaume mwenye wake watatu anafuata zamu. Leo si yangu. Nenda kwa Nyar Malaba, ni mgeni, atasikia vibaya."

Komeo halikusogea. Otiende alirudi kwenye nyasi, akaketi sakafuni pale kitanda kilipokuwa, akaweka sufuria moja miguuni na nyingine begani. Akagundua kwamba si rahisi kutozimwaga.

Asubuhi wateja walikuta mili imefungwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Wabwire ndiye aliyewaeleza, alipowapita akikanyaga pedali kuelekea Busia: mzee alikuwa nyuma yake kwenye keria, nguo zimemganda mwilini, bila chembe ya unga usoni, akimhimiza aongeze mwendo kabla duka la mabati halijajaa watu.