Guruneti la Chaki

Karakana yetu ya plastiki iko jijini, mtaa wa Kisugu. Tulizoea kutengeneza vikombe na vifuniko vya madumu, mpaka afande mmoja wa kaskazini, mkufunzi wa makuruta, alipotuletea kazi ya maguruneti ya mazoezi. Hayana baruti. Ukishachomoa pini na kuliachia, baada ya muda kidogo kifuniko kinaruka na unga wa chaki unatimka.

Ya kwanza hayakumridhisha. "Hii ni nyepesi, mama," aliniambia. "Vijana watatupa kama embe."

Nikaongeza mchanga. Akarudi tena. Usingizi ukaanza kunipaa. Kila nilichoshika jikoni, kitunguu au kikombe, nilikipima kwa kiganja.

Siku ya majaribio nilikwenda uwanjani, nje ya jiji, niyaone yakifanya kazi. Makuruta walitupa mmoja mmoja, chaki ikatimka kule mbali, nami nikaanza kutulia. Kisha akaja msichana mwembamba. Akachomoa pini, akainua mkono, akabaki vilevile.

"Tupa," afande akasema, amesimama kando yake.

Hakutupa. Alikuwa analitazama tu, na vidole vimeshalegea. Nilitaka kupiga kelele, ingawa nilijua kilichomo ndani, maana nilikijaza mwenyewe. Kifuniko kikaruka. Uso wa msichana ukawa mweupe wote, na kofia ya afande pia.

Afande alijifuta macho taratibu. "Umekufa," akamwambia. "Mimi pia nimekufa. Chukua ingine."

Wenzake walicheka. Yeye akachukua jingine, akalitupa. Lilianguka karibu mno, lakini alilitupa.

Nilirudi mjini nikiwa siwezi kutulia. Nilishuka kwenye gari kabla ya kituo changu, nikatembea. Mume wangu aliponiuliza kazi imekwendaje, nilisema imekwenda vizuri. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonikera.

Afande alipokuja tena nilimuuliza habari za yule msichana.

"Sasa anatupa kushinda wote," alisema. "Ile chaki ndiyo ilimfundisha. Lakini mama, nyeupe inapotea kwa vumbi. Tuwekee nyekundu."

Nikauona ule uso wa msichana, safari hii mwekundu wote. "Bluu haifai, afande?"

Alinitazama kidogo. "Bluu pia itaonekana."

Asubuhi iliyofuata niliichanganya chaki ya bluu, mlango ukiwa wazi. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena, mpaka mwenzangu wa mashine akaniuliza kama naumwa.