Nyasi Ndani ya Feni

Kaka yangu alirudi nyumbani Buhembe kutoka Muleba na vitu vitatu: godoro, kompyuta na begi moja la nguo ambalo mama alilibeba kwa vidole viwili. Alikuwa karani wa wanunuzi wa samaki. Mwezi mmoja alikaa Muleba, mwezi mwingine Goziba kisiwani, akiandika mizigo inayoshushwa kutoka kwenye mitumbwi. Kompyuta aliinunua pale ofisini walipobadilisha mashine. Wenzake waliomleta walituambia ana malaria sugu, nasi tukaitikia, kwa sababu miaka ile kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na malaria sugu yake. Dawa za kurefusha maisha tulizisikia redioni tu, zikitajwa pamoja na habari nyingine za nchi za mbali.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, mpiga chapa katika ofisi moja mjini, mwenye cheti cha mafunzo ya kompyuta ya wiki sita na ulimi mkali. Ulimi huo sikuusomea. Baba alishafariki, na nyumbani tulibaki mimi na mama tu.

Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na mchezo wa mpira wa miguu. Kaka kabla ya kwenda Muleba alikuwa kiungo wa timu ya mtaani, na si kiungo wa kubahatisha. Watu walikuwa wanaacha kupalilia ili waje kumwona. Habari zilipoenea kwamba amerudi na kompyuta yenye mpira, wenzake wa zamani walianza kuja kila Jumamosi wakitoka uwanjani. Walikuja watano, sita, wakiongozwa na kipa wao, mtu mrefu mwenye maneno mengi. Walikaa chini, wakagawana kibodi wawili wawili, wakatukanana kwa furaha. Kaka alicheza amelalia ubavu, kwa sababu kukaa kitini kulishamshinda, na kwa ajili hiyo tulikuwa tumeishusha kompyuta yote sakafuni, kando ya godoro lake pale sebuleni.

Mama alifurahi kupita kiasi. Tangu kaka aanze kukonda, majirani walikuwa wakitusalimia kutoka barabarani. Kwa hiyo kila Ijumaa alikwenda kukata nyasi, akazitandaza sebuleni nene na mbichi, jinsi nyumba ya Muhaya inavyotandikwa inapotarajia wageni. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji, lakini mama hakujali. Alisema mgeni hawezi kukaa kwenye saruji tupu wakati nyasi zipo bondeni.

Miezi miwili ikaenda hivyo. Halafu mchezo ukaanza kukwama.

Mwanzoni ulikuwa unakwenda vizuri kama dakika kumi, kisha picha inaanza kurukaruka. Mchezaji anatoka na mpira, anaganda, halafu unamkuta hatua tano mbele na mpira hana. Kaka alikasirika, wenzake wakacheka. Jumamosi iliyofuata walikuja watatu tu. Iliyofuata tena alikuja kipa peke yake, akakaa karibu na mlango, hakugusa chai aliyoletewa, akasema amekunywa alikotoka. Mchezo ulipokwama mara ya tatu alisimama.

"Waitu, kaka, mashine imechoka," alisema kwa adabu ya Kihaya. "Ikitengamaa utuite. Tutakuja wote."

Na mimi nikamwamini. Jambo hilo linanitia aibu hadi leo, maana mimi ndiye niliyekuwa najiona mjanja wa nyumba ile. Mama aliitazama ile chai, akaichukua, akaimwaga nje. Alikuwa ameelewa. Mimi nilielewa kwamba kompyuta ni mbovu.

Kaka hakuacha kuzingojea Jumamosi. Asubuhi alitaka anyolewe ndevu. Mchana alianza kuuliza saa. Saa kumi, sauti za uwanjani zilipokwisha, alinyamaza akisikiliza njia, na wakipita watu wowote nje, hata wauza mkaa, alijaribu kujiinua. Mimi nilishindwa kuvumilia kumwona vile. Nilijua hana Jumamosi nyingi zilizobaki, na nilitaka apate hata moja yenye watu. Sikuwa na dawa ya kumpa. Ujuzi niliokuwa nao ulikuwa wa kompyuta, tena wa wiki sita.

Nikaanza na umeme. Umeme wetu wa Bukoba ulitoka Uganda na jioni ulilegea hadi taa zikawa za rangi ya chungwa. Nikaazima stabilaiza ya ofisini, nikaibeba kichwani hadi Buhembe. Mchezo ukakwama vilevile, stabilaiza ikinguruma pembeni.

Nikahamia kwenye diski. Ilikuwa imejaa karibu yote, barua za samaki na nyimbo. Nikamwuliza kaka nifute zipi.

"Futa za samaki," alisema. "Samaki wamenitosha."

Nikafuta, kisha nikaiacha mashine ijipange upya kutwa nzima, vile vimraba vya rangi vikitembea kwenye skrini na kaka akivitazama maana hakukuwa na kingine cha kutazama. Nikatafuta virusi kwa disketi ya ofisini. Vilikuwepo viwili, nikaviondoa, nikajisifu hadi mama akaniambia nipunguze sauti. Tukafungua mchezo. Dakika kumi, ukaganda.

"We mtoto," kaka aliniambia, "cheti chako walikupa au ulikiokota?"

Nilikasirika kweli. Nikachukua bisibisi ya cherehani ya mama, nikafungua sanduku la kompyuta, jambo ambalo mwalimu wetu alitukataza kabisa.

Ndani kulikuwa na nyasi. Vipande vidogo vidogo vilivyokauka, na vumbi lake, na mbegu, vyote vimejisokota kwenye feni inayopoza kichwa cha mashine hadi haikuonekana kama ni feni. Ilikuwa inavuta hewa kutoka sakafuni, na sakafuni mama alikuwa ametandika. Nyingine zilikuwa kuukuu, nyeusi; nadhani ziliingia wakati wa matanga ya baba mdogo, mara tu kaka aliporudi, tulipolaza waombolezaji sebuleni siku nne. Niligeuka nikamwona mama amesimama nyuma yangu na mkono mdomoni.

"Ni mimi," alisema. "Niliwatandikia wageni."

Nilipaswa kumfariji. Badala yake nilimwambia, ndiyo, ni wewe, na ona ulichofanya. Nimeomba radhi kwa neno lile mara nyingi na mama alinisamehe siku ileile, lakini uso wake ninao.

Nilizitoa nyasi kwa kibano cha nyusi na unyoya wa kuku. Feni ikaonekana, ila ilikuwa imeumia. Mzunguko wake ulikuwa mzito, inakwenda ikisita. Jumatatu nikaipeleka mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza redio na vipuri vya cherehani. Duka lake lilikuwa limebaki peke yake katika safu yake. Mengine ya ndugu zake yalishafungwa, milango ya chuma imeota kutu. Aliizungusha feni kwa kidole, akaipulizia, akaitia mafuta tone moja.

"Binti, mpya ya saizi hii Bukoba hakuna," alisema. "Niagize Mwanza, itakuja na meli, mwezi mmoja."

"Sina mwezi mmoja, mzee."

Alinitazama. Nadhani alielewa, kwa sababu watu wengi walikuwa wanaingia dukani mwake miaka ile na kusema maneno ya aina hiyo.

"Basi ipunguzie kazi. Kwenye huo mchezo kuna mahali pa kupanga picha. Angalia kitu gani kinaipa mashine mzigo usio wa lazima, kiondoe. Ikifanya kazi kidogo haipati joto."

Hakutaka malipo. Jioni ile nikapata mahali alipopataja. Niliondoa vivuli, haikutosha. Niliondoa mvua na nyavu za magoli kutikisika, haikutosha. Halafu nikaona neno la watazamaji. Nikawaondoa watazamaji wote, na kelele zao pia, na mchezo ukanyooka. Dakika kumi, ishirini, saa nzima, bila kukwama hata mara moja. Niliruka. Nilimpigapiga mama mgongoni. Kaka alitabasamu, akaniambia cheti sasa amekikubali.

Jumamosi asubuhi, timu ikifanya mazoezi, nilikwenda uwanjani mwenyewe. Kipa hakuwa golini siku hiyo. Alikuwa amekaa pembeni ya uwanja amevaa koti zito, akasema goti linamsumbua. Nikamwambia mashine imetengamaa, haikwami hata kidogo, awaambie wote.

"Tutakuja," alisema. "Mwambie tutakuja."

Mama alipika ndizi kwa maharage, sufuria kubwa ile ya sikukuu. Kompyuta niliipandisha juu ya matofali, nyasi zikatandikwa mbali nayo. Kaka tulimnyoa, tukamvalisha shati jeupe lililomzunguka mwili mara mbili. Saa kumi sauti za uwanjani zikaisha. Saa kumi na moja mama akafunika sufuria kwa jani la mgomba. Saa kumi na mbili kaka akaniambia niwashe, tucheze sisi wawili.

Tulicheza. Sikuwa naujua mpira lakini vidole vya kupiga chapa vilinisaidia. Mchezo ulikwenda laini kabisa, na nilikuwa nangoja anisifu. Uwanja wote ulikuwa mtupu, majukwaa ya kijivu pande zote, kimya, mpira ukigonga miguu. Kaka alifunga bao. Mchezaji wake akakimbia hadi kwenye jukwaa akanyoosha mikono juu, na kule jukwaani hapakuwa na mtu.

Kaka akaondoa mkono kwenye kibodi.

"Warudishe watu," alisema.

"Itakwama."

"Ikwame."

"Kaka, nimehangaika wiki tatu—"

"Najua umehangaika. Warudishe. Hawakuwa wanakataa kuja kwa sababu ya mashine, mdogo wangu. Wewe ulikuwa hujui?"

Niliwarudisha watazamaji na kelele zao, na tukacheza mchezo unaokwama, unaganda na kuruka, hadi akachoka. Alipofunga tena, ule umati ulishangilia kwa vipandevipande. Alicheka. Nililia nikiwa nimeinamisha kichwa kwenye kibodi, na nadhani alijua, lakini alijitia kutazama skrini. Ile sufuria tulikula sisi watatu, siku mbili.

Alifariki wiki tatu baadaye, asubuhi, mama akimpa uji.

Kwenye mazishi walikuja wote. Mtaa mzima ulijaa kwetu, mpaka migombani. Waliosalimia kutoka barabarani waliingia ndani, waliochimba kaburi walikuwa timu nzima ya mpira, na usiku walilala sebuleni kwenye nyasi, wakala kwenye sahani zetu na kunywa kwenye vikombe vyetu bila kusita. Niliwahudumia. Kila kikombe nilichokitoa, nilikitoa kwa hasira. Nilikuwa nimewatungia maneno kichwani, mmoja mmoja, na ya kipa yalikuwa marefu kuliko ya wote, kwa sababu yeye ndiye aliyeniambia nimwambie kaka kwamba watakuja.

Siku ya tatu ya matanga nilimkuta peke yake nyuma ya jiko, anaota moto amevaa lile koti lake ingawa jua lilikuwa kali. Nilisimama mbele yake.

"Mashine ilitengamaa," nilimwambia. "Nilikuja kukuambia mwenyewe. Tulipika. Alivaa shati."

"Nilikuja," alisema.

"Usinidanganye kwenye msiba."

"Nilikuja, dada. Wenzangu walikataa, chonka, lakini mimi nilikuja. Nilifika hadi dirishani. Mlikuwa mmewasha taa. Nikamwona alivyolala, ule mkono alivyouweka kwenye kibodi."

"Basi kwa nini hukuingia?"

Alinyoosha mkono kusogeza kuni, na saa yake ya mkanda wa chuma ikateleza kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. Aliirudisha kwa ule mkono mwingine, taratibu, bila kuitazama, jinsi mtu anavyofanya jambo alilokwisha kulizoea.

"Nilijiona mimi," alisema.

Nilimtazama shingo, nikamtazama mashavu. Sijui nilikuwa wapi wiki zote zile. Mtu niliyekuwa nimemtungia maneno alikuwa wa mwaka jana, mnene, mwenye kelele, anayeweza kutukanwa. Huyu niliyemkuta hapo nyuma ya jiko sikuwa na neno hata moja la kumwambia. Mama aliniita kutoka ndani, vikombe vimeisha. Hasira yangu ilikuwa bado nzima kifuani, sijatoa hata robo yake, na nilirudi nayo ndani kuosha vikombe, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpa.