Mgane wa Nkambo na Nyasi za Tangini

Nyasi za kwanza nilizopanda ndani ya tangi la samaki zilikuwa nyasi za bustani. Ni heri niseme mwenyewe, maana walioona kwa macho bado wako hai na wanasimulia vibaya zaidi. Nilitoka nyumbani, jambo ambalo peke yake lilistahili kuandikwa, nikaenda mpaka katikati ya mji, pale kando ya barabara wanapouza vipande vya nyasi vilivyokatwa pamoja na udongo wake, vya kutandika mbele ya nyumba za wakubwa. Nikachagua kipande chenye ukijani kupita vyote, nikakilaza chini ya tangi, nikamwaga maji juu yake. Nilikuwa nimeona picha kwenye simu: zulia la kijani chini ya maji, samaki wanapita juu yake kama ndege juu ya shamba. Sikuona mahali palipoandikwa kwamba nyasi za nchi kavu ukizizamisha hufa maji kama mtu yeyote.

Siku chache tu, maji yakageuka rangi ya chai. Kisha yakaanza kunuka. Nkambo wangu, mama mzaa baba, ambaye nyumba ilikuwa yake, alisimama mbele ya kioo, akanusa, akanusa tena kama aliye juu ya sufuria ya kisamvu.

"Bwana yangu," akasema, "unapika sombe?"

"Apana, nkambo. Ni majani ya kupamba."

"Ongeza mafuta ya ngazi, ya mawese. Na chumvi. Sombe ya bila chumvi hata imbwa anakatala."

Kwetu, nkambo humwita mjukuu wake wa kiume bwana, yaani mume, na yeye ndiye bibi, yaani mke, na mume huyo hana pa kukimbilia. Anaweza kutukanwa tangu alfajiri mpaka chakula cha jioni bila mtu kuona aibu, na yeye ana ruhusa ya kurudisha. Mimi sikuwa hodari wa kurudisha. Majibu yangu mazuri hunijia kesho yake, nikiwa peke yangu na feni ya mtu iliyopasuliwa tumbo. Ndiyo kazi yangu: feni, redio, pasi. Wateja wanakuja, mimi sitoki. Nilimaliza shule ya sekondari, nikapewa diploma, nikaitia kwenye bahasha, na tangu hapo tumeishi wote wawili ndani ya nyumba bila kusumbuana. Hata tangi lenyewe lilinifuata nyumbani. Mwenye mkahawa mmoja alikuwa anafunga na kuhama mji, akaniletea likiwa na pampu iliyokufa, akaniachia. Pampu niliifufua.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa Naviundu, na parseli ya nkambo, yaani kiwanja chake chote, ilikuwa tupu kama kichwa kilichonyolewa kwa wembe. Kila asubuhi alifagia, akipata jani limechomoza analing'oa kama anayeng'oa jino la adui. Kwake yeye majani mbele ya nyumba yalikuwa na maana mbili tu: ama nyoka, ama mwanamke mvivu. Na mimi, mwanaume wa umri wangu, nilikuwa naingiza ndani kile alichokuwa anakitoa nje.

Baba mkubwa, kaka wa baba yangu, alikuwa akija kila Jumapili baada ya misa. Alikaa akitazama kuta zile kama mtu anayetazama mbuzi huku akiwaza supu. Alitaka kuweka wapangaji. Jumapili moja, nyasi zangu zilizooza zikiwa bado zinanuka kwenye ndoo, akasema mbele yangu, kana kwamba mimi ni kabati:

"Mama, huyu atakaa hapa mpaka siku gani? Hana bibi, hana mutoto. Eko na chupa ya mayi."

Nkambo akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Muache apande majani yake tena. Ikifunika chini yote, bila kitundu, chumba cha nyuma ni chake, hata miye nikikufa. Ikishindwa, atoke. Aende kutafuta bibi mwenye sura mubaya kama yake."

"Minasikia, mama," baba mkubwa akajibu, na hakucheka.

Mtu wa nje angedhani ni mzaha. Lakini katika ukoo wetu mizaha ya nkambo ndiyo iliyokuwa mahakama. Aliwahi kuvunja ndoa mbili kwa mizaha, na moja ilikuwa ndoa nzuri. Kuanzia siku ile paa langu likawa linategemea nyasi.

Safari hii nilisoma kwanza. Niliponda udongo wa kichuguu, nikautandaza chini, nikaufunika kwa mchanga wa mto niliouosha mpaka vidole vikakunjamana. Nkambo alichovya kidole kwenye udongo ule, akaulamba, akasema angalau shamba langu lina ladha. Kisha nikatoka tena, mara ya pili mwaka ule, nikaenda mtoni upande wa juu, kabla maji hayajapita penye viwanda, ambako kuna nyasi fupi nyembamba kama nywele, zinazoishi nusu ya mwaka chini ya maji. Hizo hazifi maji. Hutuma mzizi wa pembeni chini ya mchanga, na mbele kidogo mzizi unatoa unyasi mwingine, na huo nao unatuma wa kwake. Ukizikata juu kwa mkasi, hukasirika na kutambaa zaidi. Kazi yako ni kuzigawa vishungi vidogovidogo na kuvichomeka kimoja kimoja, vikiachana kidogo.

Vidole vyangu vilikuwa vinene kwa kazi hiyo. Nilimwomba jirani, mama msusi ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, aniazime kibano chake cha kung'olea nyusi.

"Sasa umeanza kujipamba?" akauliza. Alipoona ninachofanya, alivuta kigoda akakaa kunitazama, mkononi bado ana mèche, zile nywele za bandia za kusukia. "Unashona mèche ku kichwa ya samaki. Mungu wangu. Na kuko banamuke wanatafuta bwana."

Nikishachomeka kumi, sita zinaelea. Nazirudisha, nne zinaelea. Nkambo alikuwa anahesabu kwa sauti zinazoelea, kama mtangazaji wa mpira.

Zikashika. Baada ya majuma kadhaa nikaona nyuzi nyeupe zinatambaa chini ya kioo, na mbele ya kila uzi kichwa kidogo cha kijani. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia diploma. Nkambo naye aliona, na ndipo alipoanza kunifanyia hila.

Nilikuwa na samaki wadogo wanne, watoto wa ngege. Nkambo akawa anadondosha vipande vya bukari, yaani ugali, daima mahali pamoja, kona ya kulia mbele, na samaki wakawa wanachimba pale kama wachimbaji wa madini usoni pa mwamba. Kila asubuhi nilikuta vishungi vinaelea kona ile. Nilidhani ni ugonjwa, nikabadilisha taa, nikabadilisha maji. Mwishowe nikamkuta, mkono umeingia tangini mpaka kiwiko, unga umetanda juu ya maji.

"Nkambo!"

"Beko na njaa," akasema. "Wewe unapatia majani kula, bantu unawaachilia."

Ndiyo mara pekee nilipojibu siku ileile, tena kwa vitendo. Niliwavua samaki wote wanne, nikawapaa, nikawakaanga, nikamwekea kwenye sahani juu ya bukari. Walikuwa wadogo kiasi kwamba ungeweza kuwafunika kwa jani moja la muhogo. Aliwala mbele ya tangi, polepole, vichwa na mikia, akitema miba upande wangu. Alipomaliza akajipangusa mdomo. "Bwana yangu anajua kupika," akamwambia jirani juu ya ukuta. "Hakubakia kwangu deni. Hata watoto wake ananipatia nikule."

Tangu hapo tangi likabaki na nyasi peke yake. Zikatambaa mpaka nyuma, zikafunika kushoto, zikafika mbele. Lakini kona ile ya bukari ilikataa. Unga ulikuwa umezama kwenye mchanga ukachacha, udongo chini yake umekuwa mweusi na kutoa mapovu yenye uvundo, na kila mzizi uliofika pale ulikufa ncha. Pakabaki upara wa ukubwa wa kiganja.

Katika miezi hiyohiyo nkambo alianza kuvimba miguu. Kitanda chake tukakileta sebuleni, maana chumbani hakuwa na wa kumtukana. Tangi likawa mbele yake moja kwa moja. Nilimwosha miguu, akanitukana. Nikamnywesha uji, akanitukana mdomo ukiwa umejaa. Asubuhi alipofumbua macho alitazama kwanza ule upara.

"Ile fasi, unaniachilia miye nilale?"

"Nitaifunika, nkambo."

"Fanya mbio. Miye na ile majani, mumoja atatangulia kufunikwa."

Kila Jumapili baba mkubwa alikuwa akiinama, anaweka kidole kwenye kioo mbele ya upara ule, anakitoa. Ikabaki alama ya kidole chake, nami naifuta kila Jumatatu. Nilinyonya uchafu ule kwa mpira wa maji, nikatia mchanga mpya, nikapanda upya kwa kibano. Vishungi vitatu vilishika. Nilimwonyesha. Alivitazama kwa muda mrefu kwa jicho la mtu anayeshindwa kamari.

Alikufa asubuhi, baada ya uji, katikati ya sentensi iliyoanza kwa kutaja kichwa changu. Sijajua mpaka leo kichwa changu kilikuwa na nini.

Yanayofuata yanamhitaji msomaji wa mbali aelewe kitu kimoja. Kwenye matanga ya nkambo, wajukuu ndio wenye ruhusa ya kucheka. Wanavaa nguo za marehemu, wanaiga kutembea kwake, wanasema aibu zake zote, na hakuna mkubwa wa kuwanyamazisha. Na kwa kuwa mimi nilikuwa mume, wakanifanya mgane. Binamu yangu wa kike, mrefu, mwenye sauti, alijifunga kitenge cha nkambo, akashika fimbo yake, akakaa kwenye kiti chake. Wengine wakanipaka unga usoni, wakanifunga kamba kiunoni, wakanikalisha kwenye mkeka katikati ya wamama.

"Mgane huyu alimupatia bibi yake nini?" binamu akauliza kwa sauti ya nkambo, ileile, hata mimi nikashtuka.

"Majani!" wakaitikia.

Kisha wakacheza mchezo wa ndugu za marehemu kumnyang'anya mgane. Mtaani kwetu kila mtu alishaona mjane fulani akinyang'anywa kweli, mpaka sufuria, mpaka godoro, na ndiyo maana kila mtu alicheka sana. Walibeba feni za wateja, wakabeba redio, wakabeba bahasha ya diploma wakiipepea. Mwishowe wakalizunguka tangi.

Sebule ilipaswa kubaki tupu kwa ajili ya wafiwa, hilo nilijua. Baba mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Akasema maneno mawili:

"Mutoe mayi."

Hapo ndipo mjukuu mwenye akili angelala chini mlangoni, akamtukana baba mkubwa kwa ruhusa ya desturi, akadai chumba chake mbele ya watu wote, na watu wangecheka na baba mkubwa angebanwa. Maneno hayo yote yalinijia kesho yake. Siku ile nilisema tu, "Polepole, mutakata mizizi," na wamama wakacheka mpaka waimbaji wakaacha wimbo.

Maji yakatoka kwa ndoo, yakamwagwa kwenye parseli iliyofagiwa. Binamu akaingiza vidole chini ya nyasi kwenye kona, akavuta. Nilidhani zitakatika. Hazikukatika. Mizizi ilikuwa imefumana vizuri kiasi kwamba zulia zima lilinyanyuka kipande kimoja, zito, linachuruzika, kama ngozi ya mnyama. Kisha binamu akanivika kichwani.

Nilikaa pale nimefunikwa nyasi mpaka mabegani, maji ya tope yakichora mistari kwenye unga. Baba mkubwa akaja. Akainua ukingo wa zulia karibu na sikio langu, akautafuta ule upara, akaupata. Vile vishungi vitatu vilikuwa vimebaki kwenye mchanga. Akapitisha mkono mzima upande wa pili, akachezesha vidole watu waone.

"Mama alisema namna gani? Bila kitundu."

Watu wakacheka. Ulikuwa bado mchezo. Binamu akagonga fimbo chini.

"Bwana yangu," akasema kwa sauti ya nkambo, "toka mu nyumba."

Wakapiga vigelegele. Baba mkubwa aliuchomoa mkono, akajipangusa kwenye leso, akainama kama mtu anayetoa pole. "Matanga ikiisha, unaniletea ufunguo," akasema chini chini. "Wapangaji balisha kupatikana."

Tulimzika mchana. Niliporudi, mtu alikuwa amelitupa zulia juu ya ukuta ili lisikanyagwe, upande wa jua. Lilikuwa limejikunja na kuwa la rangi ya kahawa. Nililishika, likavunjikia mkononi. Nikasimama pale nikilia kwa sauti, unga ungali usoni, na wamama waliokuwa wanapika wakaacha miiko. Mmoja akasema ona, mgane analia kweli, huyu mutoto alimupenda nkambo yake. Mwingine akaanza kulia pamoja nami.

Jirani msusi akaweka mikono juu ya ukuta, akanitazama, akayatazama yale niliyoyashika.

"Pangusa macho, jirani. Bantu banawaza unalia nkambo, kumbe unalia majani."